Damu ya Mama Namkunda Ndani ya Friji la Soda

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni kwenye zahanati yetu huku nimebeba tumbo langu kwenye ndoo.

Sikuona ajabu. Wote tulikuwa tumebeba. Mlangoni kulikuwa na tangazo: ANAYEKUJA KUPIMWA DAMU YA TUMBO AJE NA TUMBO TUPU. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini tangazo naweza kusoma. Basi nikalitoa tumbo, nikaligeuza nje ndani kama mfuko wa suruali, nikalisuuza mferejini, nikalikung'uta, nikaja nalo. Watu wa huku milimani Upareni ni watiifu. Ukitubandikia karatasi yenye mhuri tutaifuata mpaka kaburini. Mke wangu ameshaifuata.

Mke wangu ni Navoneiwa, Mama Namkunda. Tulimzika kabla ya masika. Alikufa kwa tumbo. Kila alipokwenda zahanati alipewa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna na kuambiwa apunguze pilipili. Pilipili hakuwa anakula. Akirudi nyumbani, kiungulia kikimkaba, analamba magadi, lile bonge la kulainishia mahindi na maharage ya makande, anasema kimetulia. Mara ya mwisho wakamtoa damu. Wakasema damu inakwenda wilayani, itaonyesha kama ana mdudu wa tumbo na kama ukuta wa tumbo umeanza kuharibika. Nendeni, tutawaita.

Hawakutuita. Ndugu zake walipombeba hadi hospitali kubwa mjini, akaingizwa mpira wenye taa kooni, madaktari wa kule wakatoka wameinamisha vichwa. Saratani, wakasema, na imeshatambaa. Wakauliza, hakuwahi kupimwa? Nikawaambia alipimwa. Majibu yako wapi? Ningejua mimi?

Basi ndotoni nilikuwa nimekwenda kudai majibu hayo. Sikuwa na shida nyingine.

Mbele yangu alisimama Mzee Senkondo, jirani yangu wa shamba la tangawizi. Ndani ya ndoo yake niliona kitu chenye manyoyamanyoya kama taulo.

"Hilo ni la mbuzi," nikamwambia.

"Punguza sauti, Baba Namkunda. Langu nimeliacha nyumbani, limejaa makande."

"Watalijua."

"Watajuaje? Wamewahi kuangalia la nani?"

Nikasogeza ndoo yangu. Alisema kweli.

Sista wa zamu alikuwa anagonga matumbo kwa kalamu, moja moja, kama mtu anayechagua mtungi sokoni. La Mzee Senkondo aligonga, akasikiliza, akatabasamu. "Safi kabisa. Mzee, una tumbo la kijana." Langu akaligonga, akakunja uso, akaliinamisha. Ikadondoka punje ya hindi.

"Samahani," punje ikasema.

"Wewe umetoka wapi?" sista akaiuliza.

"Makande ya matanga. Nilikuwa kwenye sahani ya Namkunda, hakunimaliza, baba yake akanila ili nisitupwe."

Namkunda ni binti yetu. Alirudi nyumbani msiba ulipotokea, akabaki kunitunza. Tangu siku hiyo anakula kama ndege. Akila vijiko viwili vitatu anasukuma sahani, anasema baba, nimeshiba. Nikaieleza punje kwamba ni majonzi.

"Hayo mimi siyajui," punje ikasema. "Mimi najua nilibaki."

Sista akaniangalia kama niliyeingia msikitini na viatu. "Mzee, kwa nini unakuja na tumbo lenye matanga? Ungefiwa baada ya kipimo."

"Nilifiwa kwa kukosa kipimo."

"Hayo ni mambo ya ofisi. Kaa pale kwenye benchi, karibu na mashine."

Mashine ya kupimia damu ilikuwa imekaa kwenye benchi la wagonjwa, magoti pamoja, utepe mwekundu shingoni. Nilipokaribia ikasogea kunipisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepima?"

"Ningepima. Vitendanishi sina. Zile dawa za kuchanganya na damu ili iseme. Bila hizo mimi ni kabati."

"Lakini ulizinduliwa. Mimi nilikuwepo. Tulisimama juani tangu asubuhi. Mama Namkunda alicheza ngoma mkono mmoja juu, mkono mmoja ameshika tumbo."

"Namkumbuka. Nilidhani ni staili ya ngoma." Ikakohoa kidogo. "Mzee, mimi nilikatwa utepe. Kuwashwa sijawashwa. Sijui hata sauti yangu ikoje."

"Si unaongea sasa?"

"Hii ni ndoto," mashine ikasema, kwa heshima.

Mlango unafunguka. Mheshimiwa anaingia na mkasi mkubwa kama wa kukatia ua. Nyuma yake watu wa viti, watu wa maua, mtu wa kubeba mwavuli ndani ya nyumba. Vigelegele vinapigwa, sijui na nani, maana wanawake wote wameshika ndoo. Mheshimiwa anakata utepe. Mashine inafumba macho. Utepe unaota tena, wa bluu. Anakata. Unaota wa kijani. Anakata, jasho linamtoka, anapigiwa makofi.

"Naomba kuuliza," nasema.

"Maswali mwishoni."

"Mwisho utakuwa lini?"

Anatazama ratiba. "Ulishapita. Mwisho tuliuweka wa kwanza ili watu wasichoke."

Nataka kumrushia ndoo. Ila tumbo langu limo ndani, nami sina lingine. Ndivyo wanavyotushika hawa watu.

Chumba kinazidi kuwa kidogo. Kuta zinakuwa nyeupe, zina baridi, zinatoa maji. Nageuka, kumbe niko ndani ya friji la zahanati.

"Funga mlango," friji likasema. "Baridi inatoka."

"Mimi niko ndani."

"Basi ufunge ukiwa ndani. Huku juu ni soda za mganga mfawidhi, chini ni maini ya harusi ya shemeji yake. Vikiharibika nitaulizwa mimi."

Mganga mfawidhi ndiye mkuu wa zahanati yetu. Soda anapenda. Hata mchana wa kweli nimeshamwona, anafungua friji la dawa anatoa chupa, anaifungua kwa meno, mgonjwa anamtazama.

"Natafuta damu ya mke wangu," nikaliambia friji.

"Eleza vizuri. Nina soda ya chungwa, nina soda nyeusi, nina maini. Nina na mama mmoja huku nyuma, amekaa muda mrefu, hasumbui."

"Kwa nini hakupelekwa wilayani?"

"Gari lilikuwa limebeba viti vya uzinduzi wa mashine. Kisha likarudisha viti. Kisha viti vikaitwa kwenye uzinduzi wa choo. Gari halikai bure, mzee, usije ukasema linakaa bure."

Nikapenya katikati ya chupa. Nyuma kabisa, kimeegemea maini, kulikuwa na kichupa chenye kifuniko chekundu na jina lake ubavuni.

"Baba Namkunda," damu ikasema, "mbona umekonda?"

Sauti yake ilikuwa kama ya Navoneiwa anapoongea akiwa chumba cha pili, mlango umerudishwa. Nilitaka kulia. Machozi yakaganda kabla ya kutoka, nikayabandua kwa ukucha, nikayaweka kwenye kisahani cha mayai, nikaendelea na shughuli.

"Nimekuja kuchukua majibu."

"Ya nini?"

"Kama Mama Namkunda alikuwa na mdudu."

"Alikuwa? Mimi sijui alikuwa. Mimi ni damu." Ikaanza kusimulia. "Mama Namkunda anapalilia tangawizi. Mama Namkunda anaolewa, umevaa koti la kuazima, mikono imepita vidole. Mama Namkunda anatambaa, hana meno ya nyuma, bibi yake anamtafunia ndizi, anamlisha. Mdudu anaingia. Walinzi wangu wanamwona, wanashika silaha. Mpaka sasa hawajaziweka chini."

"Kwa hiyo mdudu bado yumo?"

"Mimi natunza habari za aliyeingia. Aliyetoka hanipitii. Mlinzi akimwona mwizi mara moja anakesha miaka, hata kama mwizi alishahama. Ukitaka kujua kama yumo leo, wapo wengine wa kuuliza, pumzi, choo. Ila mimi ningetosha kuwashtua watu wakaanza kutafuta."

"Na ukuta wa tumbo?"

"Huo ninao vizuri. Ukuta ukiwa mzima huniletea maji yake kidogo kidogo. Ukichakaa, maji yanapungua. Yamepungua mno, Baba Namkunda. Ni kama mfereji wakati wa kiangazi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua sindano ilipotoka. Nimekaa hapa na jibu mdomoni. Hajatokea wa kuniuliza. Wanafungua mlango, wanasalimia soda, wanafunga."

Nikakitia kichupa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, nikasukuma ukuta wa nyuma wa friji nitokee nje. Nikatokea sebuleni.

Ni sebule ya joto, yenye unyevu, lipu inabanduka. Kwenye kigoda amekaa kiumbe mwembamba aliyejikunja kama parafujo, mikia kadhaa nyuma, anachovya kidonge cha magnesiamu kwenye chai kama biskuti.

"Karibu, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Nimekaa na mke wako kabla hujamposa. Unataka nikuiteje?"

Nikajua niko wapi. Nikavua kofia, kwa sababu ilikuwa ni ndani ya mke wangu.

"Wewe ndiye mdudu."

"Ndiyo mimi. Na kabla hujaanza matusi, sikuvunja mlango. Nililetwa. Bibi yake alinitafuna pamoja na ndizi, akanipokeza kwa mdomo, kwa mapenzi kabisa. Humu ndani ni pakali, tindikali inaweza kuunguza msumari. Ila mimi najitengenezea magadi yangu mwenyewe, najipaka, nakaa. Yeye alipokuwa analamba ya kwake, mimi nacheka. Nilimwona kama anaiga upishi wangu."

"Umemuua."

"Nilichokonoa lipu tu, shemeji. Wengi ninakaa nao mpaka wanazeeka, hawajui hata kama nipo. Wachache ukuta unachoka. Ukichoka sana, ndiyo anakuja yule."

Akanionyesha kona kwa mkia. Pale kona palikuwa na kitu kimekaa kimya. Hakikuwa na uso, kilikuwa kinaongezeka.

"Yule mimi simjui," mdudu akasema, sauti chini. "Alikuja ukuta umeshaisha. Hasalimii. Mlitakiwa kupima kabla yake."

"Tulipima!"

"Najua. Niliisikia sindano. Na dawa za kunitoa zipo, zinamezwa aina kadhaa kwa mpigo, siku kadhaa mfululizo. Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Nimekaa mlangoni na godoro kichwani, nasubiri kufukuzwa." Akainua kidonge cheupe. "Nikaletewa chaki. Nikafungua mizigo."

Sijawahi kukubaliana na mtu aliyenidhulumu kama nilivyokubaliana na yule mdudu. Alikuwa anasema kweli tupu, na mimi nilikuwa nimetafuta mtu wa kusema kweli tangu mazishi, katika maofisi, sikumpata.

"Una ndugu?" nikamwuliza.

"Nina wanangu. Mmoja alihama zamani, kwa njia ile ile niliyoingilia mimi. Amepata nyumba nzuri, mpya, lipu haijaguswa."

"Kwa nani?"

Akanitazama. Akasikitika, nadhani, ingawa parafujo haina uso. "Shemeji, wewe unakula naye meza moja."

Nikataka kumkaba anitajie jina. Kipaza sauti kikaita: "Anayedai majibu ya marehemu, dirishani!"

Niko dirishani. Mganga mfawidhi yuko upande wa pili, soda mkononi, kifungo kimoja cha koti kimekatika. Namwekea kichupa mbele yake.

"Damu hii hapa. Jibu inalo. Iulize nisikie, niende zangu."

"Majibu hupewa mwenye damu mwenyewe. Ni siri ya mgonjwa."

"Mwenyewe amekufa."

"Kanuni haisemi awe hai. Inasema aje mwenyewe."

"Daktari, sikiliza. Aliyemfanya asiweze kuja ni wewe. Wewe na gari lako la viti."

"Mzee, usiniletee siasa dirishani." Anakunywa soda, anafuta mdomo, anaita kwa sauti ya kazi: "Navoneiwa Elinihaki!"

Watu wa foleni wanageuka. Ndoo zinagongana.

Anakuja. Anatembea polepole, khanga ile ya kijani, udongo magotini. Mkononi ana lile bonge la magadi, analilamba kama alivyokuwa anafanya, ncha ya ulimi, macho mbali. Ananipita bila kunisemesha, kwa sababu ameitwa na ofisi, na watu wa ofisi hawapendi kungojeshwa.

"Shikamoo daktari," anasema.

Amekufa, na bado anamwamkia yule kijana. Yule kijana naye anaitikia marahaba.

Mganga anakifungua kichupa, anakiinamisha kwenye kiganja chake. Haitoki damu. Kinatoka kitu kidogo, kigumu, cheupe, mfano wa punje ya hindi iliyokauka.

"Hilo ndilo jibu lako, mama. Umechelewa kulifuata."

Navoneiwa analiweka mdomoni. Anaanza kutafuna.

"Navoneiwa, usimeze," namwambia. "Niambie kwanza lina ladha gani. Niambie mimi."

Anatafuna taratibu, shavu moja, kichwa ameinamisha, na mimi naujua utafunaji ule. Namkunda alikula chakula chake cha kwanza duniani namna hiyo, makande yaliyolainishwa mdomoni mwa mama yake. Huku kwetu ndivyo tunavyolea. Mama asiyemtafunia mtoto, mawifi watasema ana majivuno ya mjini. Navoneiwa alitafuniwa na bibi, yeye akamtafunia mwanawe, na mimi nimekaa pembeni nikiona ni jambo zuri. Lilikuwa zuri kweli. Hakuna aliyepanda mlima huu kutuambia lolote, na zahanati iko pale pale, ukuta umechorwa picha za vyandarua.

Amemaliza kutafuna. Anageuka. Si kwangu. Anamtazama aliye nyuma yangu kwenye foleni.

Nageuka na mimi. Ni Namkunda. Mtu mzima, khanga kiunoni, ndoo miguuni, amefumba macho na amefungua kinywa kama kinda.

"Fungua zaidi, mama," Navoneiwa anamwambia, mdomo umejaa.

"Hapana!" napiga kelele. "Huyo mwache! Huyo ni mgonjwa wa majonzi tu!"

Hapo bonge la magadi, lililokuwa mkononi mwa mke wangu, linanigeukia. Lilikuwa limechoka, limebaki kiasi cha yai.

"Baba Namkunda, na mimi niseme. Mlipozika nilidhani nimepumzika. Mlinifunga kwenye khanga ya marehemu, mkaniweka juu darini jikoni, nikashukuru. Sasa mbona bado nalambwa?"

"Na nani?"

"Mimi sina macho. Najua ulimi tu. Huu ni mdogo kuliko ule, na una haraka, kama wa mtu anayejificha. Nenda ukanifungue."

"Anayefuata!" akasema mganga mfawidhi, na akafungua soda nyingine kwa meno. Mlio wa kile kifuniko ndio ulioniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Kuku walishatoka. Nilikaa kitandani nikajipapasa tumbo, lilikuwa mahali pake. Nikajitukana kwa kuota upuuzi katika umri huu, nikavaa kandambili, nikaenda jikoni.

Namkunda alikuwa nje anakoka moto wa chai kwenye mafiga ya uani. Nikaweka kigoda, nikapanda, nikanyoosha mkono darini. Khanga ya kijani ilikuwa pale tulipoiweka na shangazi zake siku ya kuanua matanga. Hakuna anayepika kwa magadi katika nyumba hii tena. Nilikataza mwenyewe, kwa hasira tu, na watu wakaniheshimu.

Fundo halikuwa fundo la shangazi. Shangazi hufunga mara mbili. Hili lilikuwa limefungwa mara moja, haraka.

Nikafungua. Bonge lilikuwa limebaki kiasi cha yai. Upande mmoja una masizi na vumbi la dari. Upande wa pili ni mweupe, unang'aa, umelika katikati kijishimo laini. Nikagusa kwa kidole.

Kilikuwa kibichi kwa mate.

"Baba?" Namkunda aliita kutoka uani. "Umeamka? Chai tayari. Wewe kunywa tu, mimi nitakunywa baadaye, nimeshiba."

Nilishuka kwenye kigoda nikiwa nimelifumbata bonge lile, linaniwasha kiganja. Nikatoka. Alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja unapepea moto, mkono mmoja umebana juu kidogo ya kitovu, mahali pale pale alipokuwa anashika mama yake.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunashuka mjini, kule walikouliza majibu yako wapi. Hapo kwa yule wa soda hatupiti."

"Sasa hivi? Hata chai bado, baba."

"Usinywe, mama. Mwaga hiyo chai. Tunakwenda hivyo hivyo, na tumbo tupu."